Sekunde Arobaini za Salamu

Mtu wa Beni hukumbuka sweta akishafika Butembo. Nilimwona kupitia dirisha la sebuleni akishuka kwenye pikipiki mbele ya lango letu, hapa Kimemi, shati lake jembamba la mikono mifupi limemganda mgongoni kwa ukungu. Alikuwa amekumbatia mkoba wa kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Alimlipa mwenye pikipiki, akajifuta uso kwa kiganja, kisha akasimama tu akiliangalia lango. Saa tatu ya asubuhi, Jumamosi, ilikuwa imepita na mikaratusi ya jirani ilikuwa bado haionekani vizuri.

Nilikuwa nimemkasirikia kwa siku nne. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote, makali na matamu, moja baada ya jingine. Lakini moyo wangu haukuwa na habari na hasira hiyo. Ulimwona ukaruka, na mimi nikabaki nimeshika pazia nikijionea haya.

Chini ya kiti changu kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko sweta ya buluu niliyomnunulia sokoni mwezi mzima kabla, kwa kuwa nilijua siku moja atapanda huku na kijishati chake. Leo nilikuwa nimeapa kwamba mfuko huo hautafunguliwa.

Anaitwa Phinées. Kwa miaka miwili mimi naye tumekuwa tukitengeneza kitu kimoja kidogo, kitufe. Sisi wa Butembo tuna wiki yetu, kitabu cha mtandaoni ambacho mwanachama yeyote anaweza kukiandika na kukisahihisha: majani ya dawa, magonjwa ya kahawa, mapishi, picha, sauti za wazee. Wa Beni nao wana chao, cha wakulima wa kakao, mpaka kule Mabalako. Kila upande ulikuwa unatamani vya mwenzake. Ila kuhamisha faili moja tu kutoka kitabu hiki kwenda kile ilikuwa adhabu. Uishushe kwenye simu, usahau umeiweka wapi, uitafute, ufungue kitabu cha pili, uipandishe upya, halafu ujaze visanduku kumi na kimoja kwa Kifaransa. Mama mwenye kuku na wajukuu atajaza vingapi? Walikuwa wanaviacha wazi. Picha na sauti zikawa zinafika upande wa pili bila jina la mtu wala la kijiji, yatima.

Phinées ndiye anayeandika programu. Kazi yangu mimi ni kuketi pembeni ya akina mama na kutazama kidole kinasita wapi. Mchoro wake wa kwanza, aliouchora kwenye karatasi na kuupiga picha, ulikuwa na kitufe chekundu. Nikamwandikia kwamba mama watatu kati ya wanne wamekiogopa. Akakifanya kijani. Nikamwambia sasa wanakibonyeza mara tano tano kwa sababu hawaoni kinachotokea. Kesho yake nikakuta ameandika chini ya kitufe: *Inaenda. Subiri kidogo.* Nilianza kumpenda siku ile, kwa maneno hayo matatu, na sioni aibu kusema. Uso kwa uso tulikuwa tumeonana mara tatu tu. Mengine yote yalipitia kwenye simu, yakikatika na kurudi.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Papa, baba yangu, aliyajua kabla sijamwambia. Kikwazo chake kilikuwa kimoja, kwamba kijana ni Mprotestanti, na kikwazo hicho nilikuwa nakitafuna kidogo kidogo kila Jumapili tukitoka misa. Alikuwa amekwisha kukubali wazazi wa Phinées waje mwezi ujao kujitambulisha. Halafu ikaja Jumanne.

Mama yangu, Mariette, alifariki miaka mitatu iliyopita. Kabla ya hapo nilimrekodi kwa simu akieleza jinsi ya kuhifadhi mbegu za maharagwe kwa majivu ili wadudu wasiziguse. Sauti hiyo imo kwenye wiki yetu. Mama alikuwa hawezi kuanza jambo bila kusalimia *wavukire* kwa Kinande chetu, hata akizungumza na simu. Sekunde arobaini za mwanzo ni salamu tupu. Papa huzisikiliza kila asubuhi kabla ya chai, na zikiisha huzima. Habari za maharagwe hazimhusu.

Jumanne hiyo Lusenge, mtoto wa dada yake papa anayeishi Beni, alimpigia papa simu. Sauti ya mke wa mjomba iko kwenye kitabu cha watu wa Beni, alisema. Salamu imekatwa. Na mahali pa jina la mwenye kazi pameandikwa Phinées.

Papa hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliweka simu mezani akasema, "Mutu mwenye anakamata sauti ya muke yangu bila kubisha hodi, mutoto yangu atamukamata namna gani? Uwaambie bazazi yake hapana kukuya."

Nilimfikishia Phinées maneno hayo, na ndiyo maana alikuwa mbele ya lango letu, akitetemeka kwa baridi.

"Hodi!"

Papa alikuwa kwenye kiti chake chini ya kalenda ya jimbo, mikono magotini. Hakusogea.

"Hodi humu!"

"Papa, iko nabisha," nilisema.

"Ninasikia. Acha abishe. Ya leo, na ya ile siku."

Hodi ya tatu ilikuja kwa sauti ya chini zaidi. Papa akakohoa. "Ni nani?"

"Ni miye Phinées, Papa. Mutoto ya Muyisa na Rébecca, ba Mabalako. Nimetokea Beni."

"Kumbe jina unajuaka kuisema," papa alijibu. "Ingia."

Aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Alinitazama mara moja, haraka, kisha akayashusha macho yake sakafuni, na mara hiyo moja ikanitosha kuona kwamba yalikuwa mekundu na amekonda mashavu. Nilitamani kuyashika yale mashavu niyapashe moto. Badala yake nikammiminia chai bila kumuuliza, nikatia sukari vijiko vitatu kama anavyopenda. Papa aliviona vile vijiko. Aliviona vyote vitatu.

Hakukuwa na maneno ya safari wala ya hali ya hewa. Papa alichukua simu yake, akabonyeza, akaiweka mezani, na mama akaingia sebuleni.

*"Wavukire! Ni miye Mariette, muke ya Kataliko, wa hapa Kimemi. Mumeamuka? Batoto bameamuka? Na mbuzi? Kataliko mwenyewe yuko ku mulango pale, anajifanya hanisikie..."* Halafu kicheko chake, kile cha puani.

Papa akazima.

"Unajua hii?"

"Ninajua, Papa."

"Ulisikiaka yote? Tangu mwanzo?"

"Nilisikia yote."

"Kisha?"

"Kisha nikakata mwanzo."

"Juu ya nini?"

Phinées aliweka kikombe chini. "Fichier ya sauti ilikuwa nzito, Papa. Kwetu Mabalako connexion ni mubaya, banamama banangoja mpaka banachoka. Nikasema, mambo ya maharagi inaanza nyuma. Mbele ni salamu tu."

"Salamu tu," papa alisema.

Ameuza misumari na mabati kwa miaka thelathini, baba yangu, na sikumbuki kumsikia akimlalamikia mtu. Alimtazama Phinées kwa muda mrefu, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Mutoto, mimi niko ndani ya ile salamu. Unanisikia? Ni pale tu niko. Kwa maharagi siko."

Papa akainuka, akachukua kofia yake msumarini.

"Ninaenda kupatia sungura majani," alisema. "Mimi hapana kiziwi. Mais sungura biko mbali kidogo."

Mlango wa nyuma ulifungwa. Tukabaki wawili, na thermos ya chai katikati.

"Sema," nilimwambia.

"Niseme nini, Virginie? Nilikosa."

"Mais?"

"Hakuna mais."

Nilikuwa nimeiandalia rungu hiyo *mais* yake, ile "lakini" isiyokosekana, na sasa rungu likanibaki mkononi. Nilitafuta pa kulipiga.

"Miezi mbili tuligombana juu ya swali ya ine! Miezi mbili! Ulikuwa unasemaka nini?"

Kitufe chetu kilikuwa kinauliza maswali matatu: hii ni nini, ni ya nani, inatoka wapi. Majibu yalikuwa yanajiandika yenyewe kutoka ukurasa wa kwanza, mtu anatazama tu na kukubali. Mimi nilitaka la nne: mwenyewe anajua, na anakubali? Yeye alikataa katakata.

"Nilisema batu batachoka," alijibu akiangalia meza. "Nilisema tatu inatosha, inapashwa kuwa facile, rahisi."

"Na miye nikasema?"

"Ukaniuliza, facile ya nani."

"Basi. Ilikuwa facile ya nani, Phinées?"

"Yangu." Aliinua macho. "Ilikuwa facile yangu. Nilishusha sauti kwa mukono, bila bouton yetu, nikaikata, nikaipandisha. Masanduku yote nikaacha wazi, na machine ikaweka jina yangu juu miye njo nilikuwa nimeingia ndani ya kitabu. Dakika tano. Nikajisifu."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka kukushangaza. Nilitaka siku moja nikupigie, usikie banamama ba kwetu banasikiliza mama yako." Alikisogeza kikombe. "Baliipenda, Virginie. Samedi yote kwa coopérative ya kakao baliiweka. Mama yangu anatia majivu kwa mbegu vile mama yako alisema, hata kipimo ya mukono ni ile ile. Mais jina hawakuijua. Balikuwa banamuita 'ule tante ya Phinées', shangazi yangu. Banauliza, tante yako anaikalaka wapi? Na miye nikacheka. Nilicheka! Ile njo inaniuma kupita yote."

Nje nilisikia papa akizungumza na sungura kwa Kinande, kwa sauti kubwa kuliko kawaida, ili tujue kwamba yuko mbali.

"Sasa iko wapi?" niliuliza.

"Mercredi, kesho yake ya ile simu, niliiondoa. Sasa banamama banakasirika, banasema nimebanyima mama." Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya kitambaa cha meza. Ilikuwa michoro yetu, mstari wangu na mstari wake, na chini kabisa, kwa wino mpya, kisanduku ambacho nilikuwa nimekililia. "Swali ya ine iko. Siku tatu nimeiandika. Sikukuya kuomba unisamehe juu ya ile. Nilikuya juu inapashwa kufanywa mbele ya papa."

Mikono yake ilikuwa imeingia rangi ya majivu kwa baridi. Mfuko ulikuwa chini ya kiti, karibu na kisigino changu. Nilikisogeza kisigino.

"Kama papa anakatala," alisema polepole, "nitarudi Beni. Bouton nitaimaliza, nitakutumia, itabaki yenu. Mais weye? Weye mwenyewe unanikatala?"

Nilimpenda mpaka mbavu zikaniuma, hiyo ndiyo kweli. Lakini unaweza kumpenda mtu na bado ukaogopa kumkabidhi vitu vyako. Nilitazama nywele zake zilizolowa ukungu, na kovu dogo la panga la kakao kwenye kidole gumba, ambalo nilikuwa nimelisikia habari zake kwenye simu na sijawahi kulishika. Alinitazama naye. Tulikaa hivyo mpaka mlango wa nyuma ukalia.

Papa alisimama mlangoni, majani yamemshika kwenye koti. "Mumemaliza kupigana?"

"Bado," nilisema. "Papa, kuja uikale hapa. Kuko kazi yako."

Nina sheria moja katika kazi yangu, na Phinées anaijua. Mtu anapojaribu kitufe, aliyekitengeneza haruhusiwi kusema neno, kunyoosha kidole wala kuguna. Akikisaidia kitufe, kitufe hakijajaribiwa. Nilimwonyesha kiti cha pembeni.

"Keti. Na mikono uikalie."

Akaikalia kweli, mikono yote miwili chini ya mapaja. Papa alivaa miwani yake, akavuta kompyuta karibu. Kwenye kioo palikuwa na ukurasa wa mama katika wiki yetu, na picha yake ndogo akiwa ameshika ungo. Papa aliigusa picha badala ya kitufe, na mimi, kwa mazoea, nikaandika pembeni: *amegusa picha kwanza*. Halafu nikaufuta mstari huo.

"Peleka kwa kitabu ingine," alisoma kwenye kitufe cha kijani. "Nipeleke?"

Hakuna aliyemjibu. Akabonyeza.

"Wapi. Beni." Akachagua. "Hii ni nini. Sauti, mbegu ya maharagi. Eeh, ni yenyewe. Ni ya nani." Akasogeza miwani. "Mariette. Imeandikwa tayari. Mariette, Kimemi. Inatoka wapi. Butembo. Ni sawa. Ni sawa."

Kisha la nne likajitokeza, peke yake, na nafasi nyeupe kubwa kulizunguka.

*Mwenyewe anajua, na anakubali?*

Kidole cha papa kilisimama hewani. Nimeona vidole vingi vikisita, vya akina mama sokoni, vya masista, vya walimu. Sijaona kilichosita hivyo. Phinées alikuwa ameuma mdomo wa chini, na nilipomtazama niliona macho yake yamejaa.

"Hayuko," papa aliiambia kompyuta.

Akatazama tena, akaona mstari wa chini, akausoma. "Kama hayuko, nani anajibu kwa ajili yake?"

Aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akikosea na kurudi. *Kataliko bwana yake.* Kisha akamgeukia Phinées.

"Inapeleka yote? Na salamu?"

Phinées alinitazama kuomba ruhusa. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Yote, Papa. Mukasi niliitosha, niliiondoa kabisa. Hakuna tena namna ya kukata. Connexion ikikufa, inangoja, kisha inaendelea pale ilibakia. Itakawia mais itafika."

Papa akabonyeza. *Inaenda. Subiri kidogo.*

Tukasubiri. Mstari wa kijani ulianza kutambaa, na ukungu nao ukaingia kupitia dirishani ukakaa nasi. Sikumbuki vizuri dakika zile, nakumbuka tu kwamba nilikuwa kama nimelala na macho wazi. Nilimwona mama akishuka barabara ya Beni na salamu yake mkononi, anasimama kwa kila mtu, hana haraka, baridi inambaki nyuma, joto linampokea, migomba inakuwa mirefu, anavua kitambaa cha mabegani, anaingia kwenye kivuli cha mikakao akiuliza kama mbuzi wameamka. Goti la Phinées lilikuwa limegusa langu chini ya meza. Sikuliondoa. Yeye naye hakuliondoa.

Katikati mstari ukasimama.

"Imekufa?" papa aliuliza.

"Inangoja," nilisema.

"Basi tungoje. Haraka haraka haina baraka." Hata hakumtazama Phinées aliposema hivyo, lakini masikio ya Phinées yalipata rangi.

Chai ilipoa. Mstari ukaamka, ukatambaa tena, ukafika. Ukurasa wa Beni ukafunguka, na papa akausoma mara mbili: Mariette, wa Kimemi, Butembo. Imeletwa kwa ruhusa ya Kataliko, bwana yake.

"Na weye, jina yako iko wapi?"

"Haiko, Papa," Phinées alisema. "Miye nilibeba tu."

Nililitafuta na mimi, juu mpaka chini. Halikuwepo.

"Papa, leo ni samedi," Phinées aliendelea. "Banamama biko kwa coopérative sasa hivi. Nipige simu?"

Papa akasogeza vikombe, akaacha nafasi mezani. Phinées akapiga, akaiweka simu mezani na sauti kubwa. Tulisikia kuku, mtoto akilia, kisha mwanamke wa sauti nene akiitika, naye ni Rébecca, mama yake.

"Mama, imerudi. Mufungue. Mutege masikio tangu mwanzo."

"Imerudi! Ninyi, mukuje, imerudi!" Viti vilikokotwa. Mtu alisema tulieni. Halafu, kutoka mbali kule, kupitia spika ya simu yao na simu yetu, mama yangu akasema:

*"Wavukire!"*

"Wavukire!" waliitikia. Wote. Sijui walikuwa ishirini au thelathini.

*"Ni miye Mariette, muke ya Kataliko, wa hapa Kimemi."*

"Aaah, Mariette!" mmoja alisema. "Njo jina yake!"

*"Mumeamuka?"*

"Tumeamuka, mama!"

*"Batoto bameamuka?"*

"Bameamuka!"

*"Na mbuzi?"*

Hapo walicheka, wakasema mbuzi nao wameamka, mmoja akasema wake ameamka na ameshakula muhogo wa jirani. Mama aliposema Kataliko yuko mlangoni anajifanya hamsikii, kicheko chao kilichanganyika na chake mpaka sikuweza kuvitenganisha. Rébecca akasimamisha sauti.

"Phinées, Kataliko njo nani?"

"Ni bwana yake, Mama. Iko hapa. Iko nabasikia."

Hata kuku walinyamaza, au nilidhani hivyo. Kisha ile sauti nene ikaja taratibu.

"Papa Kataliko. Wavukire."

Papa alikuwa amevua miwani. Alikuwa ameishika kwa vidole viwili juu ya meza, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. Aliinama karibu na simu.

"Wavukire, Mama," alisema. "Niko. Ninamusikia."

Niliuficha uso wangu kwenye kitenge changu. Mkono wa Phinées ulitoka chini ya paja lake, ukatafuta wangu chini ya meza, baridi kabisa, na nikaushika. Nililipata lile kovu kwa kidole. Lilikuwa dogo kuliko nilivyokuwa nikiliwaza.

Papa aliendelea. "Mama Rébecca, mwezi yenye inakuya mukuje, weye na bwana yako. Mambo ya kanisa tutasemezana. Mubishe hodi, hakuna mutu atawaacha inje."

Vigelegele vya Mabalako vilitoka kwenye ile simu vikajaza nyumba yetu. Ilipokatika, papa alifuta miwani kwa pindo la shati, akaivaa, akatutazama sote wawili, na nadhani aliona mikono.

"Posa ni mambo ya bakubwa, hiyo itangoja," alisema. "Mais ile maswali yenu ni muzuri. Tujaribu. Huyu ni nani? Virginie. Ni wa nani? Wangu na Mariette. Anatoka wapi? Kimemi."

"Papa! Mimi hapana fichier!"

"Njo maana ya ine sitajibu miye." Alimgeukia Phinées. "Uliza. Mwenyewe iko hapa."

Phinées aliinuka. Alikuwa amesimama katikati ya sebule yetu na shati lake lililoganda, mtu ambaye kwa miezi miwili alikuwa ameniambia kwamba swali hilo ni refu.

"Virginie," alisema. "Mwenyewe unajua, na unakubali?"

Nilimwangalia. Nilikuwa na jibu tangu alipoandika yale maneno yake matatu chini ya kitufe, na kwa siku nne nilikuwa nimedhani limenipotea. Lakini nani alisema nitalitoa kwa dakika tano?

"Inaenda," nilimwambia. "Subiri kidogo."

Papa alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Niliinama nikavuta mfuko, nikaufungua, nikaikunjua ile sweta ya buluu mbele yao wote wawili.

"Inua mikono."

Akaiinua. Nilimvalisha kama mtu anavyomvalisha mtu wake, kichwa kwanza, kisha mkono mmoja na mwingine, na kichwa kilipotokeza upande wa juu macho yake yalikuwa karibu sana na yangu, na yalikuwa yanauliza bado. Nilimwekea sawa kola.

"Ukifika kwenu bakiuliza hii imetoka wapi," nilisema, "utataja jina."

"Nitaitaja," alisema Phinées. "Mais nitaanza na salamu."